Pesa ya ujuzi ianze kwa msimamizi

Kila bajeti inapokaribia, waajiri wa Tanzania Bara hurudi serikalini na ombi lilelile: tozo ya kuendeleza ujuzi ipunguzwe. Wamesikilizwa mara kadhaa. Tozo hiyo, inayolipwa na mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10, iliwahi kuwa asilimia 6 ya jumla ya mishahara. Imeshuka hatua kwa hatua, na mwaka 2023 ilifika asilimia 3.5. Lakini lalamiko la pili la waajiri halijaondoka: vijana wanakuja na vyeti, kazi hawaijui.

Tunakubali kwamba ujuzi ni haba. Tunachokataa ni kumbebesha mzigo wote kijana aliyeajiriwa juzi. Upungufu mkubwa zaidi uko juu yake: kwa msimamizi anayempangia kazi asubuhi, kwa meneja anayemsimamia msimamizi huyo, na mara nyingi kwa mwenye kampuni mwenyewe. Hao hawafundishwi na yeyote, na hakuna anayeuliza kama kazi yao wanaiweza.

Ushahidi upo, na ni mwingi. Chad Syverson, mchumi wa Chuo Kikuu cha Chicago, alilinganisha viwanda vya Marekani vinavyotengeneza bidhaa za aina moja. Alikuta kwamba kiwanda kilicho karibu na kilele hutoa karibu mara mbili ya kile kilicho karibu na mkia, ingawa nguvu kazi na mitambo ni sawa. Mwaka 2009 Chang-Tai Hsieh na Peter Klenow walipochapisha hesabu za China na India, pengo la namna hiyo lilizidi mara tano. Kama kosa lingekuwa la shule peke yake, viwanda viwili vilivyo mtaa mmoja, vinavyoajiri vijana kutoka vyuo vilevile, visingetofautiana kiasi hicho.

Nicholas Bloom na John Van Reenen waliamua kupima usimamizi wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, mameneja wa viwanda 732 vya Marekani, Uingereza, Ufaransa na Ujerumani walihojiwa kwa simu bila kujua kwamba majibu yao yanapewa alama. Maswali yalikuwa ya kawaida kabisa. Mtambo ukisimama, sababu inaandikwa wapi, na nani anaisoma? Malengo ya mwezi yanajulikana na nani zaidi ya bosi? Mfanyakazi asiyefanya kazi huvumiliwa kwa muda gani, na yule hodari hupandishwa kwa kigezo kipi? Alama zilianzia 1 hadi 5. Viwanda vyenye alama za juu vilizalisha zaidi, vikapata faida zaidi, na vichache zaidi kati yake vilifilisika. Kampuni za kifamilia ambazo kiti cha juu hurithiwa na mtoto wa kwanza wa kiume, kwa kuwa tu ndiye wa kwanza, zilikuwa miongoni mwa zilizofanya vibaya zaidi.

Utafiti huo umeshafika nchi zaidi ya 30. Kenya na Tanzania zimo, na wastani wa zote mbili uko chini sana ya ule wa Marekani, Ujerumani au Japani. Lakini kinachotusumbua zaidi ni jambo jingine. Mwishoni mwa mahojiano mameneja waliombwa waupime wenyewe usimamizi wa kampuni zao kwa alama 10. Wengi walitoa kama 7, na alama hizo hazikulingana kabisa na hali halisi ya viwanda vyao. Meneja anayeamini kwamba yuko vizuri hawezi kwenda kulipia mafunzo, hata mafunzo hayo yakiwekwa mlangoni pake kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana hatuamini kwamba soko lenyewe litamaliza tatizo hili.

Jaribio lililofanyika India linaonyesha vizuri zaidi kinachopotea. Bloom na wenzake wanne walikwenda Tarapur na Umbergaon, kaskazini mwa Mumbai, kwenye kampuni 17 za kufuma vitambaa. Hazikuwa kampuni changa. Kwa wastani zilikuwa na miaka 20 sokoni na wafanyakazi wapatao 270 kila moja. Watafiti waligawa viwanda kwa bahati nasibu. Baadhi vilipewa washauri wa kampuni ya kimataifa kwa miezi mitano, vingine vikafanyiwa ukaguzi wa mwezi mmoja tu kisha vikaachwa.

Walichokikuta mle ndani kitamkumbusha kiwanda chake msomaji yeyote aliyewahi kufanya kazi ya zamu. Nyuzi zilirundikwa stoo bila lebo wala daftari, kwa hiyo hakuna aliyejua kipo nini na kimekwisha nini. Vipuri na vifaa vilitawanyika sakafuni. Mtambo uliendeshwa mpaka uharibike, ndipo fundi aitwe. Karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano alikuwa na kazi ya kurekebisha kitambaa chenye kasoro, na kasoro zenyewe hazikuandikwa popote ili mtu ajue zinaanzia kwenye mtambo gani. Wenye viwanda waliona hiyo ndiyo hali ya biashara, kwa sababu majirani zao nao walikuwa vivyo hivyo.

Washauri hawakuleta mitambo mipya wala mtaji. Walisimamia mambo 38 ambayo kila moja, ukilitazama peke yake, ni dogo: mitambo itunzwe kwa ratiba, kasoro ziandikwe kila siku, wasimamizi wakutane kila asubuhi wazipitie takwimu za jana, stoo iwe na hesabu, anayefanya vizuri atambuliwe na kulipwa. Ndani ya mwaka mmoja tija ya viwanda vilivyosaidiwa ilipanda kwa asilimia 17, na watafiti walikadiria kwamba faida ya kila kiwanda iliongezeka kwa zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka. Katika miaka mitatu kampuni hizo zilikuwa zikifungua viwanda vingine. Wafumaji walikuwa walewale.

Kwa nini hawakuyafanya mapema? Baadhi ya mambo hayo wenye kampuni hawakuwahi kuyasikia. Mengine waliyasikia wakaona hayawahusu, kwa kuwa faida walikuwa wakiipata. Tena kulikuwa na sababu ya tatu, na hapa tunaomba wafanyabiashara wa Kariakoo, Mwanza na Mombasa wasome kwa makini. Ukubwa wa kampuni ulitegemea zaidi idadi ya wanaume wa familia waliopo kushika nafasi za juu kuliko ubora wa usimamizi wake. Meneja asiye wa ukoo hakuachiwa uamuzi wenye pesa ndani yake. Mwenye mali aliogopa kuibiwa, na alijua kwamba akiibiwa, kesi mahakamani itachukua miaka. Basi kampuni nzuri ilikoma kukua pale ndugu walipokwisha.

Hali hiyo ipo kwetu pia, na haiondolewi kwa hotuba za kuwahimiza watu waaminiane. Mwenye duka kubwa anayemweka mpwa wake kuwa msimamizi wa ghala hafanyi ujinga. Anajilinda kwa njia pekee aliyonayo. Ukitaka ampe ghala hilo mtu aliyesomea kazi hiyo, mpe kwanza hesabu inayoonekana kila jioni, ukaguzi wa kweli, na mahakama inayomaliza shauri la wizi kazini kabla mali na mwizi havijasahaulika. Usimamizi wa kisasa unategemea polisi na hakimu kama unavyotegemea darasa, na wizara inayoshughulikia viwanda ingefanya vyema kulisema hilo kwa sauti.

Watafiti walirudi Tarapur mwaka 2017. Karibu nusu ya mambo yaliyokuwa yameanzishwa yalikuwa yameachwa, hasa pale meneja aliyefundishwa alipoondoka au mwenye kampuni alipokosa muda wa kufuatilia. Hata hivyo viwanda vile bado vilikuwa mbele ya vile vilivyoachwa, na baadhi ya taratibu zilikuwa zimeenea zenyewe kwenye viwanda vingine vya kampuni zilezile. Kwa hiyo mafunzo haya yanadumu kiasi, lakini yanahitaji kurudiwa. Mradi wa miaka mitatu unaofungwa kwa sherehe ya kukabidhi vyeti, kisha kila mtu anarudi kwake, hautoshi. Mafunzo ya kaizen, yaani kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambayo Japani imesaidia kuyaleta Tanzania ni mwanzo mzuri, na yangefaa yawe kazi ya kudumu ya taasisi zetu badala ya kungoja mfadhili.

Sasa tushuke kwa msimamizi wa zamu, kwa sababu yeye ndiye anayesahaulika zaidi. Edward Lazear, Kathryn Shaw na Christopher Stanton walifuatilia maelfu ya wafanyakazi wa kampuni moja kubwa ya huduma nchini Marekani na kuangalia kazi ya kila mmoja inabadilikaje anapobadilishiwa bosi. Kumtoa bosi aliye katika asilimia 10 ya chini na kumweka aliye katika asilimia 10 ya juu kuliongeza kazi ya kikundi cha watu tisa kwa kiasi cha kama kuajiri mtu wa kumi. Na kazi kubwa ya bosi huyo mzuri ilikuwa kufundisha. Alichowapa watu wake kilibaki nao kwa muda hata walipohamia kwa bosi mwingine.

Linganisha na jinsi tunavyowapata wasimamizi wetu. Fundi hodari wa kulehemu anafanywa msimamizi wa walehemaji. Mshonaji mwenye kasi anakabidhiwa mstari mzima wa cherehani. Ni heshima, na ndiyo njia pekee ya kumwongezea mshahara, kwa hiyo haikataliki. Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walitazama wauzaji wa kampuni zaidi ya 100 za Marekani na kukuta mtindo huohuo: aliyeuza zaidi ndiye aliyepandishwa cheo. Walikuta pia kwamba wauzaji bora kabisa, wakishakuwa mabosi, timu zao zilishuka zaidi kuliko timu za waliokuwa wauzaji wa kawaida lakini wenye historia ya kushirikiana na wenzao. Kampuni ilipoteza muuzaji mzuri na kupata bosi mbaya kwa siku moja. Fundi hodari anastahili kulipwa kama fundi hodari, apewe daraja na mshahara wa juu akiwa palepale kwenye kazi yake. Usimamizi apewe anayeweza kusimamia, na afundishwe kabla hajaanza.

Inawezekana kuwafundisha watu hao kwa wingi na kwa bei nafuu. Marekani ilipojiandaa kwa Vita Kuu ya Pili na kisha kuingia, wanaume walikwenda vitani na viwanda vikajaa wanawake na wakulima ambao hawakuwahi kushika mashine. Serikali ikaamua kuanza na wasimamizi. Kati ya mwaka 1940 na 1945 zaidi ya wasimamizi milioni 1.6 katika viwanda zaidi ya 16,000 walipitia kozi fupi, kila moja ya saa 10, iliyogawanywa katika vikao vya saa mbili mbili. Walifundishwa jinsi ya kumwelekeza mgeni: ivunje kazi katika hatua, mweleze, mwonyeshe, mwache afanye mbele yako, kisha rudi umtazame. Walifundishwa kukaa na watu vizuri na kumaliza ugomvi mapema. Walifundishwa kutafuta njia bora ya kufanya kazi kwa vifaa walivyonavyo. Baada ya vita kozi hizo zilipelekwa Japani, zikawa sehemu ya msingi wa mfumo wa viwanda unaosifiwa dunia nzima. Nicola Bianchi na Michela Giorcelli walipochunguza kampuni zilizopata mafunzo hayo, walikuta matokeo yake yakionekana miaka mingi baadaye.

Saa 10 hazizidi uwezo wa kiwanda chochote cha Chang'ombe au Athi River.

Kenya ina somo lake, na ni zito. Mchumi Jonas Hjort alichunguza kampuni moja ya maua ambako kila kikundi kilikuwa na watu watatu: mmoja akigawa waridi, wawili wakiyafunga. Mgawaji alikuwa akimpa maua machache zaidi mfungaji asiye wa kabila lake, hata kama kwa kufanya hivyo alipunguza malipo yake mwenyewe. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoanza, ubaguzi huo ulizidi na uzalishaji wa vikundi vya mchanganyiko ukaanguka zaidi. Mwezi Februari 2008 kampuni ilibadilisha jambo moja tu: wafungaji wawili wakaanza kulipwa kwa jumla ya kazi yao wote wawili badala ya kila mmoja kwa yake. Mgawaji hakuwa tena na njia ya kumnyima mmoja na kumneemesha mwenzake, na upendeleo kati yao ukatoweka. Hakuna aliyehubiriwa umoja. Meneja alibadilisha tu namna ya kulipa, na fursa ya kubagua ikaondoka.

Hatutaki mtu asome haya akahitimisha kwamba vijana wasifundishwe. Uganda imetupa ushahidi ulio karibu nasi zaidi. Livia Alfonsi na wenzake walifuatilia kwa miaka minne vijana wapatao 1,700 na kampuni zipatazo 1,500. Baadhi ya vijana walipelekwa vyuo vya ufundi, wengine wakafundishwa kazini na mwajiri aliyepewa ruzuku. Wote walinufaika, lakini kipato cha waliopita chuoni kiliongezeka kwa asilimia 34, na cha waliofundishwa kazini kwa asilimia 20. Tofauti kubwa ilikuja pale kazi ya kwanza ilipokwisha. Aliyetoka chuoni alikuwa na cheti na ujuzi unaotambulika kwa kila mwenye karakana. Mwenzake alikuwa na ujuzi wa karakana moja na hakuwa na karatasi ya kumwonyesha bosi mpya.

Kwa sababu hiyo tunaunga mkono kwa nguvu zote kazi ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, ya kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mitaani na gereji, na tunataka iharakishwe. Saidia fundi mwenye uzoefu wa miaka sita aliyebobea katika injini za dizeli asiombwe tena kuthibitisha kwamba anajua bisibisi.

Mwajiri atatuuliza swali la haki: nikimfundisha msimamizi wangu, si atachukuliwa na jirani? Hofu hiyo ilielezwa na Gary Becker katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu mtaji uliomo ndani ya mtu. Alisema ujuzi unaofaa kila mahali hauna mwajiri wa kuulipia, kwa kuwa faida yake anaondoka nayo aliyefundishwa. Lakini maisha yamekuwa na huruma zaidi kidogo kuliko nadharia. Daron Acemoglu na Jörn-Steffen Pischke walionyesha kwa nini waajiri wa Ujerumani hulipia uanagenzi mwaka baada ya mwaka: mshahara haupandi kwa kasi ya ujuzi, kwa hiyo mwajiri hubaki na sehemu ya faida. Huko Bangalore, India, kwenye viwanda vya nguo, wanawake waliofundishwa kuwasiliana, kupanga muda na kutatua matatizo walizalisha zaidi, wala hawakukimbia kwa wingi kuliko wenzao. Gharama ya mafunzo ilirudi na faida nono juu yake.

Katika jaribio hilo la Bangalore mishahara ya wanawake hao ilipanda kwa chini ya asilimia 1. Hapo hatunyamazi. Kama mafunzo yanaongeza tija na tija yote inakwenda kwa mwenye kiwanda, hatutakuwa na hoja ya kumwambia mshonaji wa Ubungo ajitume darasani baada ya zamu ya saa tisa. Vyama vya wafanyakazi vina wajibu wa kuandika jambo hili katika mikataba ya hali bora: anayemaliza mafunzo apande daraja, na daraja liwe na pesa.

Kwa serikali, madai yetu ni machache. Sehemu ya tozo itengwe kwa kanuni, iwe ya wasimamizi wa zamu na wa karakana, na mafunzo yafanyike kiwandani kwao kwa vikao vifupi ili uzalishaji usisimame. Mwajiri anayewapeleka wasimamizi wake arudishiwe gharama ndani ya mwaka huohuo wa fedha. Marejesho yanayochukua miaka miwili hayamhamasishi mtu. Kenya, ambako mwajiri hulipa Shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, nayo ijiulize kama kiasi hicho kinatosha kumfundisha yeyote, achilia mbali msimamizi. Na mwenye kampuni ndogo naye alengwe. Asipewe semina ya hoteli. Apelekewe mtu wa kukaa naye karakanani, ampangie stoo, amwekee daftari la kasoro, kisha arudi baada ya miezi sita kuona kama bado linaandikwa.

Tupate pia kipimo chetu wenyewe. Ofisi ya sensa ya Marekani iliongeza maswali ya usimamizi kwenye utafiti wake wa viwanda kuanzia takwimu za mwaka 2010, na maelfu ya viwanda vikajibu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu huvifikia viwanda vyetu katika tafiti zake za uzalishaji. Katika dodoso lijalo iongeze ukurasa mmoja: mtambo ukisimama nani anaandika, malengo yanajulikana na nani, msimamizi alipatikanaje na alifundishwa lini. Majibu yatangazwe kwa kila sekta na kila mkoa, kabla hatujakaa tena mwezi Juni kubishana tozo ishuke hadi asilimia ngapi.